Mke Mwenzangu na Maji ya Alasiri

Mke mwenzangu alikuwa akilala juu ya maji. Sisemi kuogelea, maana kuogelea hapa kisiwani Ndau ni jambo la kila mtu. Yeye alijiachia chali mahali ambapo mguu haufiki chini, akatupa mikono huku na huku, masikio yakazama, macho yakafumba, na bahari ikambeba. Angekaa hivyo mpaka wenzake wachoke kumwita. Mimi nilikuwa juu ya mawe na buibui langu la Amu, nalinda nguo za watu, moyo unaniwaka. Nimeishi naye miaka, nimekula naye sinia moja, tumefiwa na mume mmoja siku moja, na hata leo nikiulizwa alikuwa mtu wa namna gani, ninalolikumbuka kwanza ni lile, na wivu huja nalo. Sitajifanya kwamba umekwisha.

Jina lake wanalo wanaomwombea dua. Nyumbani aliitwa Bi Mkubwa kwa sababu ndiye aliyenitangulia, na mimi nilimwita hivyo tangu siku ya kwanza. Yeye aliniita "mwanangu" akiwa radhi na "mtu wa Amu" akiwa amekasirika, na kwa kuwa uso wake haukuwa ukibadilika, mara nyingi nilijua hali yake kwa neno hilo tu.

Niliolewa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nina miaka kumi na tisa. Nilikulia Amu, nyumba ya mawe, na maji niliyoyajua ni ya birika la kuogea, yale unayoteka kwa kata ukajimwagia, ukajifuta, ukatoka. Bahari niliiona kupitia dirisha la juu. Siku niliyovushwa kwenda kwa mume nilifumba macho toka Amu mpaka bandari ya Mtangawanda, tukangoja maji hapo, kisha nikayafumba tena mpaka Ndau.

Bwana wetu alikuwa mkata boriti. Bamvua ikianza kupanda aliingia mikokoni na watu wake, kwa kuwa boriti hazitoki humo ila kwa maji makubwa, na maji yakiwa mafu alirudi nyumbani, nguo zimejaa tope na mwili umejaa vipele vya mbu. Kwa hiyo kila bamvua tulibaki wake wawili, nyumba moja, vyumba viwili, na ukuta mwembamba uliopitisha kila kikohozi.

Nilikuja nikiwa nimekwisha kushinda, au ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa nimeambiwa kwetu kwamba mwenzangu amezika watoto watatu, hakuna aliyefika arubaini, na kwamba hatazaa tena. Niliambiwa kuwa mikono yake ni migumu, ngozi yake imepigwa na chumvi, hajui kusoma hata herufi. Yote yalikuwa kweli. Nilibeba udi, nikabeba manukato ya halud, nikabeba mche wa asumini ndani ya kopo, nikajua kwamba mwanamume akirudi kutoka topeni atafuata harufu. Hakuna aliyeniambia habari ya maji.

Upande wa mashariki wa mji, nyuma ya mawe, palikuwa na pwani ndogo iliyoitwa ya wake. Maji yakipwa, ni tope tupu na kaa na wanawake wawili watatu wanaochokora tondo, konokono wa topeni. Bamvua ikija, panajaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko, maji safi, ya kina, ya kijani. Wanawake waliogelea humo siku zile tu ambazo maji yanajaa wakati wa alasiri: mwezi kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, kisha tena mwezi unapokwisha na mwingine kuandama. Siku hizo maji hujaa saa kumi, na saa kumi wanaume wamo msikitini, wakishasali huketi kusikiliza darsa. Kati ya adhana na mwisho wa darsa, hakuna mwanamume aliyepita upande ule, kwa miguu wala kwa chombo. Mwezi kumi na saba maji huchelewa mpaka karibu na magharibi, wavuvi wanarudi, na pwani si ya wake tena mpaka nusu ya mwezi mwingine. Sharti hilo halikuwa limeandikwa mahali popote, na sikusikia kwamba kuna aliyewahi kulivunja.

Bi Mkubwa ndiye aliyekuwa mlinzi wa hesabu hiyo. Hakusoma, lakini ungemuuliza siku ya arusi yoyote iliyopita, angekujibu kwa maji: yalikuwa yamejaa adhuhuri, au yalikuwa yamepwa wakati wa kuchinja mbuzi, kisha akakutolea siku yenyewe kutokana na hapo. Siku za maji ya alasiri alianza kubadilika tangu asubuhi. Alifanya kazi upesi, alipika mapema, alisahau chumvi. Kisha alisimama mlangoni, leso moja kifuani na nyingine mabegani, akangoja adhana. Maji yangekuwa yamejaa robo saa nzima, yanametameta, yanaita, na yeye hatii hata kidole mpaka muadhini amalize. Wasichana walimsihi.

"Bi Mkubwa, yamejaa."

"Nayaona. Nina mato."

Mimi, mtoto wa nyumba ya walimu, nilimtafutia kosa katika dini, kwa kuwa hapo ndipo nilipojua kumshinda. Alikuwa akiogelea kwanza, kisha anarudi nyumbani, anajisuuza kwa maji ya kisima, ndipo anasali alasiri yake. Nilimwambia siku moja kwamba si adabu kuichelewesha sala kwa sababu ya mchezo. Mimi nilikuwa nimesali mapema, nimekaa na tasbihi yangu mkononi.

Akaniangalia huku akijipangusa masikio. "Wakati haujatoka, mwanangu," akasema. "Na wewe umesali mapema, lakini kitwa chako kilikuwa pwani."

Alikuwa na vituko vyake. Alipima kila maji kwa mwili wa mtu. Kwake mchele wa zamani ulitaka maji ya goti, mchele mpya ulitaka maji ya kifundo, na akimtuma msichana asiyemjua akatie maji ya kiuno katika chungu cha maharagwe, msichana husimama hapo ametoa macho. Alikoroma. Mafuta ya nazi aliyapima kwa tone, akagombana na jirani kwa sababu ya ufagio uliochukuliwa bila ruhusa, lakini samaki alimkatia yeyote aliyepita mlangoni, kipande kizuri, cha tumboni. Hakusengenya. Hilo lilinikera kuliko yote, maana niliishi naye nikitafuta neno lake baya juu yangu, ili nami nipate la kujibu.

Na aliogopa vyombo vya baharini. Mwanamke aliyelala juu ya bahari kama kitandani alikuwa hawezi kukanyaga mashua. Kisiwa ambacho kila kitu, kuanzia mchele hadi bibi arusi, huja kwa chombo, yeye hajawahi kutoka. Nilimshuhudia mara moja, wanawake walipotaka kwenda Amu kwa Maulidi. Alipanda, akakaa, akashika ubao kwa mikono miwili. Mashua ilikuwa bado imefungwa. Akatapika, akashuka, akasimama katika maji ya goti akijiosha mdomo, watu wanacheka.

"Nitakwenda Amu siku watakapoileta hapa," akasema, na yeye pia akacheka.

Nilifurahi sana siku hiyo. Nilikwenda Maulidi, nikarudi, nikamsimulia kila kitu mara mbili.

Sasa nieleze namna wivu ulivyoniingia, kwa sababu watu hudhani wanaujua wivu wa wake wenza. Mwanzo ulikuwa huo wanaoujua. Bwana alirudi maji mafu, nikamkaribisha kwa udi na kikuba cha maua, nguo yangu imefukizwa, chakula kimefunikwa kawa. Akala, akashukuru, akauliza hali. Kisha Bi Mkubwa akapita na kopo la kahawa, na Bwana akamgeukia.

"Mai ya bamvua hii yalikuwaye?"

"Yalikuwa mazito," Bi Mkubwa akajibu. "Ya tini baridi, ya yuu moto. Nalipinduka mara moya tu."

"Kwa mkondo wa kusi?"

"Mkondo bado. Hayo ni mai yenyewe."

Wakaendelea hivyo, yeye hata hakukaa kitako, amesimama na kopo lake. Bwana alikuwa akimsikiliza kwa uso ambao kwangu hakuuleta. Alikuwa mtu wa tope na shoka, siku zote anapigana na maji ya mikokoni, na nadhani alipenda kusikia habari za maji yasiyo na kazi. Nami nilikaa pale nanukia.

Lakini huo wivu wa mume ulikuwa mdogo. Ule mkubwa ulikuja taratibu, nilipokuwa nimekaa juu ya mawe. Nilitazama wanawake wa Ndau wanavyotumbukia: mabibi wenye wajukuu, wake wa wavuvi wenye mikono ya nyavu, wasichana waliofungiwa ndani tangu wavunje ungo, wote wakipiga kelele wasizozipiga mahali pengine. Walikuwa wakinitania.

"Mtu wa Amu, ndoo uingie. Mai hayana meno."

"Mwateni," mwingine akasema. "Angoja aletewe kata."

Wakacheka, nami nikacheka kwa midomo. Bi Mkubwa hakunitania wala hakuniita. Alikuwa kule mbali, chali, hana habari na mtu. Hapo ndipo nilipojua ninalomuonea kijicho. Kila nilichoweza kumnyang'anya kilikuwa nyumbani: zamu, chakula, sifa za mume. Hiki kilikuwa nje, na akikiingia, mimi sikuwako, Bwana hakuwako, wale watoto watatu aliowazika hawakuwako. Nilitaka nami nipate mahali kama hapo. Na kwa kuwa sikuweza kupapata, nilitaka yeye apakose.

Nilijaribu, Mungu anajua. Asubuhi moja ya maji mafu, hakuna mtu, nilishuka peke yangu mpaka maji ya kiuno, nikajilaza chali kama nilivyomuona. Nikazama kama kinu. Maji yalinipanda puani, nikakohoa mpaka nikaona nyota, nikatambaa kutoka. Niliporudi nyumbani nywele zimejaa mchanga, Bi Mkubwa alikuwa anapepeta mchele. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alipepeta kidogo, kisha akasema, bila kuinua uso, "Mwili usiushike, mwanangu. Uate ulegee." Kama angenicheka ningemsamehe.

Mwaka wa pili nikashika mimba. Nyumba ikageuka. Bwana alianza kuniletea asali ya mikokoni, jirani zangu wakanipisha mahali pa kukaa, na Bi Mkubwa mwenyewe akanikataza kuteka maji kisimani. Mtu angedhani nimetosheka. Lakini bamvua iliyofuata nilikwenda tena juu ya mawe na tumbo langu la miezi mitatu, nikamuona amelala pale pale, uso umetulia, na nikaona kwamba mimba yangu haikumpunguzia kitu.

Bwana aliporudi maji mafu yale, nilingoja ale, nikamtilia maji anawe, nikaanza.

"Bwana, nina neno. Naona haya kulisema."

"Liseme."

"Boti ile ya injini, iendayo Kiunga, ilipita mwezi kumi na tano. Ilipita karibu na pwani ya wake. Wakazima injini."

Akanitazama. "Wakazima?"

"Wakasimama kumtazama Bi Mkubwa, leso imemshika mwilini, na yeye hakuondoka. Alilala vivyo hivyo."

"Na wewe ulikuwapo?"

"Nalikuwapo. Yuu ya mawe."

Hakukuwa na boti. Niliitunga kwa siku mbili, nikaitia na injini ili ipendeze. Bwana akawa anakausha vidole kimoja kimoja. Nikaona nimemgusa lakini sijamwangusha, nikaongeza, na nikalia kidogo, kilio ambacho hata mimi sikujua ni cha kweli au cha kuombea.

"Kama huniamini, nipeleke kwetu Amu. Siwezi kuzaa katika nyumba itazamwayo na watu."

Asubuhi yake aliingia chumbani kwa Bi Mkubwa, wakakaa kwa muda wa kuchemka birika la chai. Sikusikia sauti, na ukuta ule ulikuwa mwembamba. Alipotoka akaniambia, "Nimemkataza." Basi. Hakuniangalia sana, lakini mimi nilikuwa na furaha tele, sikulijali hilo.

Mwisho wa mwezi, maji ya alasiri yalipofika, wasichana walikuja mlangoni. Bi Mkubwa aliwaambia kiuno chamuuma. Alisema hivyo mwezi huo, na mwezi uliofuata, na kwa miaka sita. Hakumwambia mtu kwamba amekatazwa, wala kwamba kuna mtu aliyemsengenya. Adhana ya alasiri ya bamvua ilipopigwa, yeye alikuwa ndani anasuka ukili. Aliinua kichwa, akasikiliza mpaka mwisho, akainama tena. Nilikaa mbele yake makusudi, siku nyingi, nikingoja nione chozi au hasira au hata kuvuta pumzi. Vidole vyake havikupoteza hata ukindu mmoja. Upande wa pwani wanawake walianza kwenda mmoja mmoja, wengine wakaacha, maana hakukuwa na wa kuwahesabia siku, wakawa wanafika maji yamekwisha kurudi. Na mimi sikupata mawe ya kukalia, sikupata wa kumlindia nguo. Nilikuwa nimeshinda, na sikujua ushindi ule niuweke wapi.

Mtoto alikuwa wa kike. Siku ya saba Bi Mkubwa alimpokea kutoka mikononi mwangu kumpaka mafuta, na yale mafuta aliyoyapima kwa tone siku hiyo aliyamimina. Mtoto alilala juu ya tumbo lake. Kwangu alilia. Alipoanza kusema alimwita Mama Mkubwa, akawa anatembea kati ya vyumba viwili na mto wake mdogo kwapani, na mara nane kwa kumi aliuweka kule kwa Bi Mkubwa. Nilimfokea mtoto, nikamvuta, nikampiga kofi kwa ujinga wangu mwenyewe. Bi Mkubwa hakuingilia. Angengoja mpaka nimalize, akasema, "Mwanangu, mpe mtoto maji," na sikujua mwanangu ni mimi au ni yule mdogo.

Bwana alifariki ghafla, mwezi tano, maji yakianza kufa, kwa homa ya siku nne iliyomtoa mikokoni mapema. Tukaingia eda pamoja. Wazee wa kike waliona haina maana vizuka wawili, wajane wa mume mmoja, wakae vyumba mbalimbali, wakatuweka chumba kimoja, vitanda vinatazamana. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna marashi, hakuna kioo, hakuna kutoka. Jirani walikuja kutuangalia, na najua walikuwa wanapima ni nani amliliaye zaidi. Mimi nililia kwa sauti. Wakasema yule wa Amu anajionyesha. Bi Mkubwa alilia mara moja tu, siku walipoleta shoka lake kutoka mikokoni, akalipangusa tope kwa leso yake. Hata kilio chake nilikionea wivu, maana kilikuwa na kitu cha kushika.

Katika mwezi wa tatu wa eda, kaka yangu aliniandikia kutoka Amu: eda ikisha, nitakuja na mashua, wewe na mwanao mrudi nyumbani. Niliisoma barua kwa sauti ili Bi Mkubwa asikie. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, ningeolewa tena, na mtoto angesomea Amu. Yote yalikuwa ya haki na ya kweli. Lakini nilipokuwa nasoma, nilimtazama yeye. Akauliza tu, "Kaka yako atakuya na mashua kubwa? Mtoto hana zoea." Nikamjibu kubwa. Akasema vyema.

Eda ya kizuka Ndau humalizikia baharini. Wanawake humpeleka, humwogesha kwa maji ya chumvi, ndipo hurudi katika nguo za rangi. Bwana alifariki mwezi tano, na miezi minne na siku kumi ikatuangusha mwezi kumi na tano. Hakuna aliyepanga. Wanawake walipohesabu na wakaona siku yenyewe, walitazamana, wakasema tutaoga alasiri, maji yakijaa.

Tukatoka pamoja, tumefunikwa mashuka, jua linatuumiza macho. Adhana ikamalizika, tukashuka. Walituogesha kifua ndani ya maji, mwogeshaji akatumwagia kichwani kwa kata huku akisoma, kisha akapanda ufukweni na wenzake kututayarishia nguo. Tukabaki wawili. Kaka yangu alikuwa amefika tangu asubuhi. Sanduku langu na godoro la mtoto vilikuwa vimekwisha pakiwa, wanangoja mimi nibadili nguo.

Bi Mkubwa alitembea hatua tatu, nne, akajiachia chali. Miaka sita na zaidi hajagusa maji yale, na maji yakambeba palepale alipoyaacha. Hakuyumba. Nilimfuata, nikasimama pembeni yake, nimeshika leso yangu kwa mikono miwili, na ile hasira niliyodhani imezeeka ikanijia mpya. Nilitaka kumuumiza kabla sijaondoka, nikamgusa bega, akainua masikio kutoka majini.

"Bi Mkubwa, wamyua aliyekukataza mai haya?"

Akafumbua macho. "Namyua. Ni mimi mwenyewe."

"Ni mimi," nikasema. "Habari ya boti ilikuwa urongo. Hakuna boti iliyopita. Nalitunga."

Akasimama. Maji yalimfika shingoni. Akajipangusa uso, na akaniangalia kwa uso ule ule wa kila siku.

"Boti ilikuwa Kizingitini, injini imefunguliwa, mafundi waitengeza bamvua yote," akasema. "Bwana aliiona kwa mato yake, alipopita kurudi. Asubuhi ile alinieleza, tukateka."

"Mlicheka?"

"Kidogo. Kisha akasema, nikimwambia huyu ni mrongo, atarudi kwao na mimba yake. Nikamwambia, basi mwambie umeniamini. Mimi nitayaata mai."

Nikaifunga leso yangu upya, naye akaendelea.

"Nimezika watatu, mwanangu. Mai yangekuwapo tu. Mtoto angekwenda Amu, na mimi Amu siwezi kuifika." Akatazama ufukweni. "Nimempata miaka sita. Si haba. Mpeleke, asome."

Akajilaza tena, masikio yakazama, akawa hasikii.

Ningependa kuandika kwamba nilitubu pale pale, nikamwomba radhi. Watu waliokuwa ufukweni wanadhani ndivyo ilivyokuwa, maana waliniona nalia. Nililia kwa sababu ya chumba kile na ile asubuhi, muda wa kuchemka birika la chai, ambao wao wawili walikaa wakayapanga maisha yangu, wakacheka, wakanisamehe, na mimi nikakaa nje ya ukuta nikijipongeza. Kitu kimoja nilichowahi kumnyang'anya, alikuwa amenipa.

Nikatoka majini, nikavaa nguo zangu za rangi, nikaenda bandarini nywele zinachuruzika maji. Kaka yangu alikuwa tayari ameshika tanga.

"Sanduku lishushe," nikamwambia. "Na godoro la mtoto."

"Kwani umekuwaye? Umelogwa?"

"Lishushe, kaka. Siendi. Na mtoto haendi."

Akabisha, akakasirika, akalishusha. Ndau nzima walisema hawajawahi kuona wake wenza waliopendana kama sisi, kwamba mtu mzima na akili zake ameacha Amu kwa ajili ya mwenzake, na kwa miaka yote tuliyoishi baadaye walitutolea mfano arusini. Sikuwasahihisha. Sikubaki kwa mapenzi. Nilibaki kwa kuwa sikuweza kuvumilia kwamba katika nyumba ile kuna aliyetoa kitu, na si mimi.